Aliyeniokota Pangoni

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nina hasira na mama yangu. Nimelikana hilo mbele ya mume wangu kabla hatujaachana. Nimelikana mbele ya mshauri mmoja wa Parramatta, huku Sydney, aliyekuwa na boksi la tishu mezani na sura ya mtu anayesubiri nilitumie. Nimelikana mbele ya akina mama waliojaa sebuleni kwangu Toongabbie siku habari za msiba zilipofika. "Pole, dada. Mlikuwa mnaelewana na mama?" "Sana," nikajibu, nikawapitishia chai. Leo nakiri. Nilikuwa na hasira naye tangu asubuhi aliponiacha pangoni, nikiwa sijang'oka hata jino moja la utoto, mpaka siku alipozikwa. Baada ya hapo hasira iliendelea yenyewe, kama friji ya nyumba iliyohamwa ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

Nisingekiri kama si binti yangu Zuhura kunipeleka Vietnam. Zuhura anasikia Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza tu, na kwa Kiingereza hicho aliniambia kwamba mwanamke aliyetimiza miaka hamsini anahitaji kupumzika. Kupumzika kwenyewe kulikuwa ni kuamshwa alfajiri katika hoteli ya Hanoi na kupakiwa basini kwa safari ya siku moja yenye kiongozi: mahekalu ya wafalme wa kale huko Hoa Lu asubuhi, wali mchana, mapango alasiri. Nusu ya basi ilikuwa watu wa kwetu Sydney. Mtu anaruka bahari na nchi kadhaa, halafu anakaa nyuma ya bwana wa Penrith anayelalamikia kahawa.

Kiongozi wetu alikuwa msichana mwembamba aitwaye Lan, mwenye kibendera cha njano kwenye fimbo na kipaza sauti kilichokwaruza. Katika mlango wa hekalu la kwanza alituonya tusikanyage kizingiti, tukivuke. Kimeinuliwa makusudi, alisema, ili hata mwenye kiburi ainamishe kichwa akitafuta pa kuweka mguu. Bwana wa Penrith akakikanyaga. Ndani, bibi mmoja alikuwa amepiga magoti na udi mikononi, na watu wa basi letu wakamzunguka na simu zao kana kwamba yeye naye amejengwa pale na wafalme. Nikaanza kukasirika, na nikafurahia, maana hasira juu ya mtu usiyemjua ni likizo nzuri kuliko likizo.

Alasiri tukapanda ngazi za mawe hadi kwenye hekalu lililojengwa ndani ya mlima. Lan aliinua kibendera, akatuambia tuangalie vichwa, tukaingia gizani. Hapo ndipo harufu iliponipata: chokaa iliyolowa, mavi ya popo, na juu yake ubani. Nimekunywa kahawa na watu waliosoma, nimewasikia wakisema harufu inaweza kumrudisha mtu utotoni, nami nikaitikia kwa heshima. Haikunirudisha popote. Ilinipiga kofi. Niliketi juu ya jiwe, Zuhura akasema nimekuwa wa kijivu, nikamwambia aende na wenzake, nakuja.

Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya mashamba ya mkonge, upande wa Tanga, mahali ambapo udongo umetandikwa juu ya mawe ya chokaa kama mkeka juu ya vyungu. Kuna mapango makubwa huko ambayo wageni huyajia na kamera. Letu halikuwa hilo. Letu lilikuwa tundu la adabu tu, kimo cha mlango wa jiko, na ndani yake palikuwa na mzimu. Sheikh wetu alikemea kwenda huko kila Ijumaa, na mkewe alikwenda kila mwezi. Watu walipeleka marashi, mayai, vitambaa vyekundu, halua, wakaomba watoto, mvua, au mume apungukiwe na wivu.

Kabla yangu mama alizaa watoto watatu, na wote aliwazika. Hilo nililijua kama nilivyojua kwamba nyumba yetu ina mlango. Kisha mimi nami nikaanza homa, homa ya kuja na kuondoka, na kila ikija watu wazima walinong'ona. Baba alikuwa kambini kwenye mkonge, akirudi mara mojamoja, na mambo kama haya hayakuwa yake. Aliyekuja ni shangazi, dada yake baba, kutoka Tanga mjini. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba ya vyumba vinne Ngamiani na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Walikaa na mama uani mchana kutwa. Mimi nilikuwa ndani ya chandarua nikisikiliza kijiko kikizungushwa katika kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka zamani.

Asubuhi iliyofuata mama alinivua gauni langu, akanivika gunia alilolitoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Akachota majivu jikoni akanipaka usoni, kifuani, mpaka nyayoni. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno. Alizungumza na kuku, na sufuria, na moshi ulipomwingia machoni. Asubuhi ile hakusema neno, na hakunitazama. Nilidhani nimekosa. Nilipekua moyoni kosa langu njia nzima, nikapata moja: nilikuwa nimemwaga maji ya kunawa siku mbili zilizopita na kusema ni paka.

Tulipofika aliniketisha ndani ya pango, juu ya ungo mkuukuu uliotoboka. Akarudi hadi mdomoni mwa pango, akasimama na mgongo wake kwangu, akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na kiziwi:

"Huyu simtaki. Ni takataka. Nimemtupa. Anayependa takataka na aokote."

Kisha akaondoka.

Nimesikia watoto wakielezwa kuwa walitunga, kwamba hawakusikia sawasawa. Mimi nilisikia sawasawa. Kila neno lilisemwa kama nilivyoliandika, na mawe yakalirudia.

Ndani kulikuwa na ubaridi unaopanda kutoka chini, kupitia gunia, hadi tumboni. Maji yalidondoka mahali nisipopaona. Popo walijigeuza juu yangu kama watu wasiopata usingizi. Macho yalipozoea nikaona vile vitu: chupa za marashi zilizofunikwa vumbi, vitambaa vilivyopauka, kifuu cha nazi chenye majivu ya ubani. Hapo nikaelewa kila kitu, kwa akili ile ya kitoto ambayo haina pengo. Vitu vile vyote vililetwa na watu, na hakuna aliyevirudia. Chupa haikuwa imekosa chochote, ililetwa tu. Basi nami nimeletwa. Nikajaribu kukaa vizuri, kama chupa. Nilipochoka kuwa chupa nikaona halua imefungwa kwenye jani, nikaila. Ilikuwa halua nzuri. Halafu nikagundua kwamba nimekula sadaka ya mzimu, na nikaanza kulia kwa mara ya kwanza, si kwa sababu mama ameniacha, bali kwa sababu sasa hata huko nilikoachwa nimeshaharibu.

Kilio hicho ndicho kilichomleta shangazi, au ndivyo nilivyodhani. Alisimama mlangoni, mnene, amezuia mwanga wote.

"Hodi humu. Nimesikia kuna takataka. Imetupwa?"

Hakuna aliyejibu.

"Imetupwa. Basi nimeiokota mimi. Aliyetupa hana haki nayo tena. Ni yangu."

Akaniinua na gunia langu. Alinipeleka upande wa pili, kwenye chemchemi, akaniosha majivu, akanivika gauni jipya lenye vifungo vya kung'aa, akanipa andazi. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Ameshakwenda," alisema, akinifunga vifungo. "Hata hakugeuka. Saa hizi anapika."

Mtu yeyote wa kwetu ameshaelewa, na pengine ananicheka. Mwanamke aliyefiwa na watoto humtupa yule aliyebaki, hadharani, mbele ya hicho kinachowachukua, ili kimwone hana thamani na kimpite. Mwanamke mwingine humwokota, naye anakuwa wake. Mama mzazi hatamwita tena mwanangu, maana akijisahau hata mara moja, hila imevuja. Ni hila. Kila mtu anajua ni hila, isipokuwa mtoto na kifo.

Mimi nilipona. Sitaki kubishana na jambo hilo. Shangazi alinichukua mjini, akanipa chumba changu, na chandarua kisicho na viraka, na mkate wa siagi, na akaniambia nimwite mama. Nilimwita hivyo kwa moyo wote. Nilimpenda kama mtu anavyompenda aliyemtoa shimoni. Nilipokuwa mkaidi alinikumbusha taratibu, bila kunipiga: "Wewe, nani alikuokota?" Nami nikanywea.

Mama alikuja mjini mara kadhaa kwa mwaka. Alipiga hodi kama mgeni, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango ingawa viti vilikuwapo, akaweka kikapu mbele yake.

"Habari za hapa, wifi?"

"Nzuri. Umekuja na korosho?"

"Kidogo tu, za mwanao. Mwanao hajambo?"

"Hajambo. Kawa wa pili darasani."

"Mashaallah. Mwambie asome."

Nilikuwa nimesimama palepale, ningeweza kumgusa bega. Alisema nami kupitia kwa shangazi, kana kwamba nina lugha nyingine na shangazi ndiye mkalimani. Baadaye nikawa mkalimani kwa mshahara, katika hospitali za Sydney, nikisimama kati ya daktari na mama wa Kirundi, kwa hiyo msiniambie Mungu hana utani.

Siku moja, nilikuwa na miaka tisa hivi, nilimjibu. Nilimtazama shangazi nikasema, "Mwambie mgeni mimi sili korosho."

Shangazi alicheka. Mama naye alicheka, akajitanda vizuri khanga yake. "Haidhuru, wifi. Wape majirani." Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaenda kituoni. Mimi nilikwenda dirishani kumwangalia kama atageuka. Hakugeuka, nami nikaona nina haki.

Niliishi na haki hiyo nikakua nayo. Nilipofika chuo kikuu, Dar es Salaam, nilikuta mila yetu katika kitabu, imeelezwa kwa aya mbili na mgeni aliyeiita "utupaji wa kimaigizo". Nilikaa maktaba nikisoma kwamba kumbe nilipendwa. Nikaandika insha ndefu juu yake, yenye tanbihi. Nilipata alama nzuri sana, na hasira ikabaki palepale ilipokuwa, haikujua kusoma. Maana swali langu halikuwa mila. Mila nilishaielewa. Swali lilikuwa lile moja: kama ilikuwa maigizo, kwa nini alikwenda kupika? Kwa nini hakujificha mahali akasubiri aone nimetoka salama, kama ambavyo mtu yeyote angefanya hata kwa mbuzi? Nilikwenda kijijini mara mbili baada ya hapo, mtu mzima, na mara zote mbili mama alinipokea vizuri, akanipikia, akawaambia majirani, "Huyu mtoto wa wifi yangu, anasoma Dar." Nikaona kuna mambo mawili tu. Ama anaogopa bado, ama alinitupa kweli. Sikumuuliza. Nilikuwa na shahada, na mwenye shahada haulizi, anachambua.

Nikaolewa, nikahamia huku, nikamzaa Zuhura, na mama akafa nikiwa kazini nikimfasiria mgonjwa mmoja namna ya kumeza vidonge. Simu ilitetemeka mfukoni. Nilimaliza kufasiri kwanza.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa pamoja nami juu ya lile jiwe Vietnam. Nilipoinuka, kundi lilikuwa mbele ya madhabahu ndogo yenye machungwa na paketi za biskuti. Lan alikuwa ameweka kipaza sauti chini, anasema kwa sauti yake halisi, nyembamba.

"Mimi niliuzwa kwenye hekalu kama hili," alisema. "Nilikuwa mtoto mgumu kulea. Nalia, sili, naumwa. Basi mama akaniuza, nikawa mtoto wa hekalu. Roho mbaya zikija nyumbani zinakuta mimi si wa pale."

Watu wakacheka. Bwana wa Penrith akauliza kama walipewa risiti. Lan akacheka naye, maana ndiyo kazi. Mimi nilijipenyeza mpaka mbele.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba ni… kwamba hawakukuuza kweli."

"Ah, nilijua tangu mdogo. Mama aliniambia. Nikigombana na kaka yangu namwambia, usiniguse, mimi ni mtoto wa hekalu."

"Na siku yenyewe walipokuuza. Mama yako alikwenda wapi?"

Lan alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji huenda wapi. "Aende wapi? Alikuwa palepale."

"Na iliisha lini?"

"Nilipokua, wakaja kunikomboa. Tukala." Akainua kibendera. "Kila kitu kama hiki kina mwisho wake, mama. La sivyo ni kuuza tu."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule msichana kwa muda wa ngazi zile za kushuka. Amepewa kila kitu: hila, na siri ya hila, na mama nje ya mlango, na karamu. Kisha chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, hasira yangu, iliyokuwa imetazama upande mmoja kwa zaidi ya miaka arobaini, ikageuza shingo. Kila kitu kama hiki kina mwisho wake. Katika insha yangu yote ile, na tanbihi zake, sikuwahi kuuliza ya kwetu huisha lini. Na nani aliyeniambia kwamba mama alikwenda kupika? Mimi sikumwona akienda. Nilimwona mgongo tu. Nilikuwa na shahidi mmoja maisha yangu yote, na sikuwahi kumuuliza swali la pili.

Tukapandishwa mashua. Mwanamke mmoja alipiga kasia kwa miguu, amejiegemeza nyuma, anatupitisha chini ya miamba ambako dari ilitulazimisha kuinama. Zuhura aliniuliza nina nini, na safari hii nikamwambia.

"Bibi yako alinitupa pangoni nilipokuwa mdogo."

"Bibi wa Tanga?" alisema, kwa Kiingereza chake. "Haiwezekani. Bibi anakupenda kupita kiasi."

"Yule wa Tanga si bibi yako. Ni shangazi yangu. Bibi yako ni yule aliyekufa."

Mashua ilipita giza zima, ikatoka upande wa pili, kabla hajasema kitu. "Hakuna aliyeniambia," alisema.

Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kumwambia, na picha iliyo ukutani kwetu ni ya shangazi.

Nilirudi Sydney nikakaa wiki nzima bila kumpigia shangazi simu. Nilifua vitu visivyo vichafu. Rafiki yangu Mama Riziki, mtu wa Uvira, Kongo, anayefanya kazi ya ghala St Marys na kupita kwangu akitoka zamu, alinikuta nimepanga viungo vyote vya jikoni kwa rangi. Nikamsimulia kisa chote. Alisikiliza huku anakula.

"Sasa unangojea nini?" alisema.

"Ni mzee. Amenilea. Ana presha."

"Nyie watu ya Tanzania munapendaka kuzunguka. Pole, shikamoo, samahani, mupaka mutu anakufa na jibu yake. Mama yako alikufa nayo. Unataka na huyu akufe nayo?"

"Na kama jibu ni baya?"

"Iko mubaya tayari, dada. Angalia ile pilipili yako."

Nikapiga Jumamosi, jioni kwetu, asubuhi Tanga. Shangazi alipokea mwenyewe. Nilisikia redio na mtu akifagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi kwa Wachina?"

"Wavietnam."

"Haya, hao. Umeniletea nini?"

"Swali."

Alicheka. "Maswali unayo tangu mdogo. Uliza, chai yangu inapoa."

"Siku ile ya pangoni, mama alikuwa wapi?"

"Mama yupi?"

"Aliyenizaa."

"Nilishakwambia. Alikwenda kupika."

"Alipika nini?"

"Nitakumbuka vipi alipika nini? Miaka yote hiyo."

"Umekumbuka kwamba hakugeuka."

Akamwambia anayefagia aende akafagie nje. Redio ikazimwa.

"Nani amekuja kukutia maneno?" aliuliza.

"Hakuna. Huko nilikokwenda kuna msichana aliyefanyiwa kama mimi. Mama yake alikuwa palepale. Nataka kujua wangu alikuwa wapi."

"Alikuwa nyuma ya mawe," alisema shangazi, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo bila kuuangalia. "Ameketi chini. Ametia upindo wa khanga mdomoni asisikike. Ulipoanza kulia alitaka kuingia, tukamzuia. Nilipotoka nawe ilibidi mke wa sheikh amkalie miguu."

Nilikuwa nimesimama. Nikaketi.

"Ukaniambia hata hakugeuka."

"Ndiyo sharti. Mtoto asijue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lini nini?"

"Sharti hilo. Liliisha lini?"

Sikumsaidia. Kazi yangu imenifundisha kutojaza kimya cha watu.

"Mpaka meno ya utoto yaishe kung'oka," alisema.

"Yaani darasa la tano."

"Hapohapo."

"Na yalipoisha?"

"Alikuja. Alikuja na nguo zako kijibokisini, amezishona mwenyewe. Akaniambia, wifi, muda umefika, nimekuja kumchukua mwanangu. Nikamwambia bado. Nikamwambia nimeoneshwa usingizini, ukimtoa hapa sasa atawafuata wenzake."

"Ulioneshwa kweli?"

"Mama yako alikuwa mtu wa kuamini."

"Sikuuliza hilo."

"Sikuoneshwa," alisema shangazi.

"Na mwaka uliofuata?"

"Alikuja tena. Nikamwambia bado."

"Na uliofuata?"

"Aliacha kuuliza. Akawa anakuja na korosho tu." Nikasikia anapumua. "Nilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja. Ningekuambia, ungerudi kwake. Wewe ungerudi, nakujua. Nilikulea, au sikukulea? Hukulala njaa hata siku moja nyumbani kwangu."

"Hapana. Sikulala njaa."

"Basi."

"Basi, shangazi," nikasema.

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha akauliza, polepole, kama mtu aliyekosea namba: "Umeniita nani?"

"Shangazi," nikamwambia.